Pimbi wa Kilima cha Kati

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kazini leo. Mvua nayo imeanza leo, tangu alfajiri, na haijapumua. Mlinzi wa langoni amenipa pole, mapokezi wamenipa pole, na wale wa maabara ya jirani, ambao salamu yao huwa ya kudokoa, wamekuja mlangoni kwetu wakiwa wamekunja mikono kama wako msibani bado. Nimejibu "tumeshapoa" hadi neno likaisha ladha mdomoni.

Watu wanategemea kuniona na uso fulani, nami sina. Tangu tumzike Mama sijalia. Si kwamba najikaza. Najipapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na mfuko ni mtupu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeninunulia daftari hili. Anasema niandike, eti inasaidia. Haya, nimeandika.

Jumanne, 5 Machi

Dada akija kulisoma daftari hili bila ruhusa (namjua), asilalamike kwamba haelewi. Basi nieleze kazi.

Nje ya mji kuna vilima vitatu vya mawe vilivyojipanga mstari mmoja kwenye uwanda. Sisi tunaviita Kikubwa, cha Kati na cha Mbali. Vyote vina pimbi, wale wanyama wadogo wanene wanaoota jua juu ya majabali kama wastaafu. Baina ya vilima ni majani matupu, na kati ya cha Kati na cha Mbali inapita barabara kuu. Kampuni moja ya mawe inataka kukipasua Kilima cha Kati kiwe kokoto. Kamati ya ardhi imetuuliza swali moja: kikiondoka hicho, pimbi watadhurika? Ikiwa pimbi wa Kati ni wale wale wa Kikubwa na hakuna anayewategemea, kilima kinapasuliwa. Ikiwa cha Kati ndicho daraja ambalo damu inapitia kutoka Kikubwa kwenda cha Mbali, basi kinabaki, maana bila hicho wale wa Mbali wataoana wao kwa wao hadi waishe. Jibu linatakiwa mvua zikiisha, kwa sababu mashine haziwezi kupanda kwenye tope.

Hatukamati pimbi. Tunaokota mavi yao na kusoma vinasaba vilivyomo. Baba akiulizwa na watu mwanae anafanya kazi gani, anasema "yuko serikalini".

Saa saba mchana simu haikulia. Mama alikuwa anapiga kila siku saa hiyo kuuliza kama nimekula. Nilikuwa namweka kwenye spika, pipeti mkononi, namjibu, "Nimekula, Mama, ngoja nimalize hii." Bi Glovu alikuwa anatikisa kichwa, maana alijua sijala.

Jumatano, 6 Machi

Kikao cha kuchagua alama za vinasaba tutakazozisoma. Tulikuwa watatu: Mkuu wa maabara, Bi Glovu, na mimi. Bi Glovu ni fundi sanifu wetu mkongwe. Jina hilo tulimpa kwa sababu hata chai anainywa kana kwamba kikombe kinaweza kuchafuliwa na yeye. Sheria zake ni mbili, glovu na barakoa, na kila mfanyakazi ameshafutwa ndani ya shavu kwa pamba ili vinasaba vyake viwekwe kwenye kumbukumbu. Ukichafua sampuli, atakujua kwa jina.

Mkuu aliuliza, "Haya, mtaalamu, tunatumia alama zipi?"

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni alama za ukoo wa mama. Hizo ziko tele katika kila chembe, hata kwenye mavi yaliyokauka zinashika. Lakini hurithiwa kwa mama tu. Dume anabeba ya mama yake na hampi mtoto wake. Ya pili ni vile vipande vidogo vinavyojirudia, ambavyo nusu unapewa na mama, nusu na baba. Hivyo vinasumbua. Vinataka mavi mabichi, na kila sampuli uirudie na kuirudia, kwa sababu leo unaona kipande kimoja kesho kimejificha.

Na pimbi wana tabia yao. Jike anabaki alipozaliwa. Dume akikomaa anafukuzwa, anakwenda kutafuta maisha kwingine. Kwa hiyo msafiri ni dume. Kila mtu wa fani hii anajua hili. Mimi nililijua hata wakati mdomo wangu unasema:

"Za ukoo wa mama."

"Una uhakika?" Bi Glovu akauliza.

"Zinashika vizuri."

Mkuu akasema sawa, tena zitatuwahisha. Kikao kikaisha kabla chai haijapoa. Nilichagua kinachoshika. Kuhusu kinachojibu, sikuwa na nguvu ya kufikiri.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Baba kaunguza chai. Sikujua inawezekana.

Jumanne, 12 Machi

Tumekwenda vilimani na Bi Glovu na Dereva. Pimbi wana choo cha pamoja, mahali pamoja chini ya jabali, familia nzima, miaka na miaka. Dereva anasema wamestaarabika kuliko ofisi yetu. Mvua imeosha vyoo vya wazi, kwa hiyo tunatambaa kwa tumbo chini ya mawe kutafuta vilivyo pakavu. Kilima cha Mbali tumepata kiasi cha kuridhisha, ya zamani mengi.

Tulipokuwa kilima cha Kati pimbi mmoja alinitazama kwa muda mrefu kutoka kwenye ufa. Nikamtazama na mimi. Hakuna aliyekuwa na la kusema.

Jumanne, 19 Machi

Nimehamia kwa Baba tangu mazishi, kwa hiyo jioni tunakaa wawili mezani na redio. Baba hakuwa mtu wa maneno na watoto wake. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na maneno yote alimwachia Mama. Tulipotaka kitu tulimwambia Mama, Mama akamwambia Baba, jibu likarudi kwa njia ile ile. Sasa njia imekatika na tumebaki kila mtu na upande wake.

Leo kaniuliza kazi inaendaje. Nadhani dada kamwambia aniulize. Nikamweleza habari ya alama za ukoo wa mama, kwamba mimi ninazo kutoka kwa Mama, Mama kutoka kwa bibi, na kuendelea.

Akafikiri huku anachokoa mgongo wa redio kwa bisibisi.

"Kwa hiyo katika hesabu yenu mimi sipo."

"Kwa alama hizi hupo, Baba."

"Nimewalisha miaka yote, sipo."

"Ni alama tu."

"Sawa," akasema. Akaongeza sauti ya taarifa ya habari.

Alikuwa anatania. Nusu alikuwa anatania.

Jumatano, 27 Machi

Matokeo yametoka, na ni safi kama kitabu cha shule. Pimbi wa Kikubwa na wa Kati ni ukoo mmoja. Wa Mbali ni ukoo mwingine kabisa, hakuna hata mmoja aliyechanganyika. Kwenye ramani Mkuu kaweka Kikubwa na Kati rangi ya kijani, cha Mbali rangi ya chungwa.

"Inajieleza yenyewe," akasema. "Wa Kati ni tawi la Kikubwa. Kikiondoka, Kikubwa kipo. Na wa Mbali walishaachana nao zamani, hawatapungukiwa na kitu."

Nimeandika rasimu ya taarifa. Ukurasa wa mwisho nimeweka sentensi moja: "Alama hizi hazionyeshi mwendo wa madume." Kila mtu wa fani yetu huiweka sentensi hiyo, na hakuna anayeisoma.

Alhamisi, 28 Machi

Mkuu kafurahi. Nimesema na mimi nimefurahi.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Bi Glovu kaanza kuniletea chakula mchana, kwenye sahani iliyofunikwa. Sijui kwa nini. Nimekula kidogo ili asinune.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Dereva alinipitisha barabara kuu asubuhi kupeleka karatasi za taarifa yetu kwa kamati ya ardhi. Tukiwa kati ya Kilima cha Kati na cha Mbali akapunguza mwendo. "Dada, yule si mtu wako?"

Pimbi alikuwa amelala pembeni ya lami, amegongwa usiku, mvua imemlowesha hadi akaonekana nusu ya ukubwa wake. Dume, kijana, meno bado makali. Pua ilielekea Kilima cha Mbali. Nilishuka bila mwavuli, nikavaa glovu, nikakata kipande cha sikio. Dereva akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, na ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliye sawa ndivyo anavyokuwa, anakata sikio, anaweka kwenye mrija, anaandika tarehe.

Kurudi kwenye gari ndipo nilipogundua kwamba sijawapelekea kamati karatasi zao, na kwamba sitaki kuwapelekea.

Alhamisi, 11 Aprili

Sikio limesomwa. Ukoo wa mama: kijani. Dume yule kazaliwa Kikubwa au Kati, na alikuwa ameshavuka barabara zaidi ya nusu kuelekea Mbali.

Nimempelekea Mkuu. Kasoma amesimama.

"Mmoja," akasema. "Tena maiti. Hata mwendawazimu huvuka barabara."

"Madume ndio wanaosafiri, Mkuu. Alama tulizotumia haziwaoni. Dume wa Kati akifika Mbali na akazaa, watoto wake wote watasomeka chungwa, kwa sababu mama yao ni chungwa. Kila mwaka anaweza kuvuka mwingine na sisi tutasema hawajawahi kuonana."

"Ulijua hayo ulipochagua."

"Nilijua."

Nilitegemea anifokee, ingekuwa afadhali. Kumbe alikuwa anahesabu wiki zilizobaki kwenye kalenda ya ukutani.

"Nilidhani umechagua kwa sababu," akasema. "Wewe huwa una sababu."

"Sikuwa nayo. Nilikuwa nimechoka kufikiri. Nipe nafasi nirudie kwa alama za pande zote mbili."

"Na kama zikisema vile vile?"

"Zitakuwa zimesema."

Kanipa hadi kikao cha kamati. Kasema jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema: hataki tuseme kitu leo tuje kukifuta kesho, kwa sababu kilima hakifutiki. Siku zote nilidhani ni mtu wa kupenda kuwafurahisha wenye vyeo. Huenda ni mwoga tu, na mwoga anaweza kuwa upande wako pia.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumekwenda vilimani, safari hii kutafuta mavi mabichi. Unakaa kwenye jabali, unamsubiri pimbi aende haja, unamshukuru. Mvua ikatunyeshea. Bi Glovu ana umri wa mama yangu na alipanda Kilima cha Mbali kwa magoti akiwa na mifuko ya sampuli kifuani ndani ya koti la mvua. Nikamwambia apumzike kwenye gari. Akaniambia nimwache, yeye ameanza kuokota mavi mimi sijazaliwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Narudia sampuli. Kila moja mara nne.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Narudia.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nimekula? Sikumbuki. Sahani ya Bi Glovu ilikuwa tupu, kwa hiyo nadhani.

Jumanne, 30 Aprili

Dada kapiga simu jioni. Anauliza naendeleaje. Nikasema naendelea. Akauliza kama nimeshalia. Kauliza hivi hivi tu, kama anayeuliza umeshalipa umeme. Nikamwambia bado. Akasema yeye alilia sokoni, mbele ya muuza nyanya, na muuza nyanya akampunguzia bei. Tukacheka. Kisha akaanza kulia tena, nami nikasubiri amalize, nikiangalia maji yanavyoshuka dirishani. Nilimwonea wivu. Hilo ndilo jambo pekee nililolihisi mwezi huu.

Ijumaa, 10 Mei

Alama za pande zote mbili zimeanza kuongea.

Ramani ya kijani na chungwa imekwisha kazi. Katika Kilima cha Mbali karibu kila pimbi kijana ana vipande vya upande wa baba vinavyotoka kwa wa Kati. Na wa Kati wana vipande vya Kikubwa. Madume wamekuwa wakivuka kilima hadi kilima, kizazi hadi kizazi, na wote wanapitia Kati. Hakuna aliyeruka kutoka Kikubwa moja kwa moja hadi Mbali. Ni mbali mno, njia nzima hakuna hata jiwe la kujifichia. Ukikitoa cha Kati, wa Mbali wamebaki yatima.

Nilimwonyesha Mkuu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Andika," akasema.

Jumanne, 14 Mei

Leo ni ndefu.

Kabla ya kuandika taarifa ya mwisho, Bi Glovu hupitisha kila mrija kwenye ile alama ya ukoo wa mama, kuhakikisha kilichomo ni pimbi kweli na si kitu kingine. Ni utaratibu wake. Asubuhi akaja mezani kwangu na karatasi.

"Mrija wa kumi na moja, wa Kilima cha Mbali, umesoma binadamu."

Mkuu alikuwa mlangoni. Kasikia. Sura ikambadilika.

"Binadamu gani?"

"Sijui bado."

"Basi hatuna kitu," akasema Mkuu. "Kama mmoja umechafuka, nani atasema mingine haikuchafuka? Wenye mawe watakuwa na mwanasheria pale. Atauchukua huo mrija mmoja na kutupiga nao wote. Turudi kwenye taarifa ya kwanza. Ile ilikuwa safi."

"Ile ilikuwa safi na ya uongo," nikasema.

"Safi, lakini," akasisitiza.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikamwambia anipe siku moja. Akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana, ambayo kwake ni ndiyo.

Bi Glovu alifunga mlango. Akafungua kumbukumbu za wafanyakazi, zile pamba za mashavuni, akaanza kulinganisha mmoja mmoja. Yeye mwenyewe hapana. Mkuu hapana. Dereva hapana. Akafika kwangu. Skrini ikapanga mistari miwili ya herufi, juu mrija wa kumi na moja, chini mimi, na hapakuwa na tofauti hata moja.

"Ni wewe," akasema.

"Haiwezekani. Sikuwahi kukaa bila barakoa."

Bi Glovu alivuta kiti, akakaa. Huyu mama hakai maabara. Sijawahi kumwona amekaa maabara.

"Mwanangu, unashusha barakoa kila siku saa saba."

"Nashusha kufanya nini?"

"Kujibu simu."

Nikamwambia simu haijalia saa saba tangu mwezi wa pili.

"Najua," akasema. "Unaishusha hadi kidevuni, unasema, 'Nimekula, Mama, ngoja nimalize hii.' Halafu unaipandisha. Kila siku. Siku ya kwanza, mwanzoni mwa mwezi wa nne, nilidhani nimesikia vibaya. Siku ya pili nikaanza kukuletea chakula, ili angalau kisiwe uongo."

Nilijaribu kukumbuka hata siku moja na sikukumbuka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambiaje? Niseme, acha kuongea na mama yako, unachafua sampuli?" Akafuta macho kwa mkono wa koti, kwa sababu mkononi ana glovu. "Nilikuwa nahamisha mirija yako mbali kila ikikaribia saa saba. Siku hiyo niliitwa nje. Huo mmoja ulinipita."

Tulipitia daftari la benchi pamoja. Mrija wa kumi na moja ndio niliokuwa nimeufungua saa hiyo. Mingine yote ilikuwa imefungwa au iko kwenye friji. Tumeirudia yote, kila mmoja, hadi jioni. Yote pimbi.

Bi Glovu alipoondoka nilibaki na skrini. Herufi hizi hurithiwa kwa mama tu. Mistari ile miwili ni yangu, lakini si yangu. Ni yake, herufi kwa herufi, kama alivyonipa. Alikuwa ameingia kwenye mavi ya pimbi kuuliza kama nimekula. Angekuwa hai ningempigia kumwambia, angecheka hadi akohoe.

Bado sikulia. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua ni nini ambacho hakitoki.

Jumatatu, 20 Mei

Kikao cha kamati. Mvua imekatika tangu juzi, na njiani tuliona mashine mbili za manjano zimeegeshwa chini ya Kilima cha Kati, zinasubiri. Ukumbini, watu wa kampuni ya mawe walikaa upande mmoja, sisi upande mwingine. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mzee mwenye sauti ya kulala, na karibu yake katibu anaandika kila kitu.

Mkuu alianza. Nilijua angeweza kutoa taarifa yoyote kati ya mbili, zote alikuwa nazo kwenye mkoba. Akatoa ya pili. Akasema ya kwanza tuliiharakisha na alama zake hazikufaa kwa swali hili, na kwamba kosa ni la maabara. Hakunitaja. Kisha akanipa nafasi nieleze.

Nikaeleza. Majike wanabaki, madume wanakwenda, njia yao ni cha Kati. Nikaeleza dume wa barabarani. Watu walikuwa wananielewa, niliona.

Mwanasheria wa kampuni akasimama na karatasi yetu wenyewe.

"Mtaalamu, hapa mmeandika mrija wa kumi na moja ulisoma binadamu. Pimbi wa Kilima cha Mbali wameanza kuwa binadamu?"

Upande wake wakacheka. Hata mjumbe mmoja wa kamati alicheka.

"Ni uchafuzi," nikasema.

"Wa nani?"

"Wangu."

"Una hakika gani? Pengine ni wa mtu mwingine, na amegusa mirija yote."

"Alama hii hurithiwa kwa mama peke yake. Tumeilinganisha na za wafanyakazi wote. Hii ni ya mama yangu, herufi kwa herufi."

"Mama yako naye anafanya kazi kwenye maabara hiyo?"

"Alifariki mwezi wa pili."

Mwanasheria alitazama karatasi yake, akaonekana anajuta kusimama. Ningeweza kuishia pale. Lakini swali lilikuwa kama mirija mingine ni safi, na jibu lilikuwa na kipande kimoja zaidi.

"Alikuwa ananipigia simu saa saba mchana kuuliza kama nimekula," nikasema. "Nimeendelea kumjibu. Sikujua. Nikimjibu, nashusha barakoa. Siku ile, saa ile, mrija uliokuwa wazi ni huo tu. Mingine ilikuwa imefungwa, na tumeihakiki upya. Huo wa kumi na moja tumeutoa kwenye hesabu."

Katibu aliinua kalamu.

"Mheshimiwa, niandikeje?"

Mwenyekiti alinitazama, kisha akamgeukia. "Andika, mrija mmoja umeelezwa."

Katibu akaandika.

Walitoka kushauriana, wakarudi. Kilima cha Kati kisiguswe. Kampuni itafute mawe mahali pengine. Mkuu alinishika mkono nje ya ukumbi, akautikisa kama anapima uzito wake, akasema kesho nichelewe kuja kama nataka. Tuliporudi mashine zilikuwa bado pale chini, na dereva mmoja wa mashine alikuwa amelala kwenye kivuli cha gurudumu, hajaambiwa.

Jioni nilimsimulia Baba yote. Habari ya saa saba nilikuwa sijamwambia. Nilipofika hapo alizima redio.

"Kwa hiyo yumo," akasema. "Kwenye hiyo mashine."

"Yumo."

Akazungusha bisibisi vidoleni.

"Na mimi?"

"Wewe uko kwenye zile za pili, Baba. Zilizookoa kilima. Nusu nzima ni wewe."

"Nusu nzima," akarudia, kama mtu aliyetangazwa cheo chake. Akawasha redio tena.

Jumanne, 21 Mei

Sikuchelewa. Jua kali, madirisha yote ya maabara yamefunguliwa, tope la uani limeanza kupasuka. Nilikuwa nasafisha benchi, nimevaa barakoa, naiangalia saa ya ukutani kama adui. Bi Glovu naye anaiangalia, anajifanya anapanga mirija.

Saa saba simu ikalia kweli.

Tulitazamana. Nikavua glovu moja, nikavua ya pili, nikatoka nje hadi kwenye ngazi, ndipo nikashusha barakoa. Alikuwa Baba. Baba hajawahi kunipigia simu kazini maisha yake yote. Nilisikia anakohoa, nikasikia redio nyuma yake, akakohoa tena, kama mtu asiyejua simu hizi huanzaje.

"Umekula?" akauliza.

Miaka yote nilisema nimekula.

"Sijala, Baba."

"Basi kale," akasema, akakata.

Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Nililia kwa sauti, pua, mabega, kila kitu, barakoa ikiwa kidevuni imelowa chapachapa. Watu wa maabara ya jirani walipita, wakanipa pole, na safari hii niliipokea. Sijui ilichukua muda gani. Bi Glovu alikuja na sahani yake iliyofunikwa, akaiweka pembeni yangu, akakaa ngazi ya chini yangu bila glovu.

Nimekula yote.